Zawadi Hupitia kwa Mama

Mtoto mchanga hana habari ya sikukuu. Hajui Krismasi wala Idi, hajui kwamba mwaka unakwisha, na kifurushi kilichofungwa kwa karatasi ya kumetameta hakimshangazi kuliko jani la mgomba linalotikiswa na upepo. Ikiwa mwenyewe hajui kwamba amepewa, basi zawadi ile huwa tunampa nani? Jibu langu halitawapendeza wengi, lakini nalisema: mara nyingi tunajipa wenyewe. Tunanunua macho ya watu. Tunanunua ile sauti ya majirani wakisema, "Ama kweli mjomba wa mtoto huyu ana uwezo."

Kila ifikapo Desemba huwa natazama mizigo. Watu wa kwetu Kilimanjaro, hata aliyekaa Dar es Salaam miaka 30, mwisho wa mwaka lazima apande nyumbani. Pale kituo cha mabasi cha Mbezi mizigo huisimulia hali ya wenyewe kuliko midomo yao. Zamani ungeona gunia la mchele, dumu la mafuta ya kula, mche wa sabuni na doti za kanga. Vitu hivyo bado vipo, lakini juu yake sasa kuna maboksi yenye picha ya mtoto mnene anayecheka. Nimeyachunguza maboksi hayo kwa miaka kadhaa, na nimegundua kwamba zawadi za mtoto mchanga, pamoja na wingi wa rangi zake, ni nne tu: kopo la maziwa ya unga na chupa yake, poda, kigari cha magurudumu cha kumfunzia kutembea, na mdoli wa betri unaoimba. Nasema bila kumung'unya maneno kwamba zote nne hazimfai. Mojawapo inaweza kumuua.

Nianze na zile nyepesi. Kigari, ambacho wenyewe hukiita bebi woka, kinauzwa kwa ahadi kwamba mtoto atatembea upesi. Hatembei upesi. Mtoto hujifunza kutembea kwa kujiburuza, kutambaa, kujiinua kwa kushika kiti na kuanguka, na kigari kinamnyima mazoezi hayo yote. Kinachompa ni mwendo asioweza kuutawala, unaomfikisha kwenye ngazi, kwenye jiko na kwenye beseni la maji ya moto kabla mama hajageuza shingo. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wa vigari hivi mwaka 2004. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitaka vipigwe marufuku nchini mwao mwaka 2001, na mwaka 2018 kikarudia wito huo. Nao wana nyumba zenye sakafu tambarare! Sisi tunakipeleka kwenye kihamba cha mlimani, ambako kutoka mlangoni hadi migombani ni mteremko mtupu, na jikoni kuna mafiga matatu yenye moto mchana kutwa.

Poda nayo tunaipenda kwa harufu. Lakini vumbi ni vumbi hata likinukia, na mtoto analivuta kwenye mapafu ambayo ndiyo kwanza yanajifunza kazi. Kwa sababu hiyo madaktari wa watoto hushauri asipakwe. Ngozi yake ikioshwa kwa maji safi na kukaushwa vizuri haihitaji kitu hicho.

Mdoli wa betri una hatari ambayo wengi hawaijui. Ndani yake mara nyingi kuna betri bapa, ndogo kama kifungo cha koti. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama za koo vibaya sana ndani ya saa mbili tu. Haihitaji kupasuka, kulowa kwake kwa mate kunatosha. Mtoto wa miezi sita kila kitu hukiuliza kwa mdomo. Anayemnunulia kitu cha kuchezea na ajiulize kwanza: je, kinaingia mdomoni? Kina kipande kinachong'oka? Asipokuwa na hakika, akiache dukani.

Sasa nifike kwenye kopo, maana ndilo lililonishikisha kalamu.

Wengi wetu tumesahau, na vijana hawakusimuliwa, kwamba juu ya kopo hili dunia iliwahi kugombana. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilitoa kijitabu kilichoshutumu namna makampuni yalivyokuwa yakisukuma maziwa ya unga kwa akina mama wa nchi maskini. Mwaka 1977 watu wa Marekani wakaanza kususia bidhaa za kampuni ya Nestlé kwa sababu hiyo hiyo. Mwezi Mei mwaka 1981, Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za kimataifa za kuuza vyakula vinavyochukua nafasi ya maziwa ya mama. Nchi 118 ziliunga mkono, nchi moja, Marekani, ikapinga. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994, na Kenya ikatunga sheria yake mwaka 2012.

Katika kanuni zile za 1981 limo jambo ambalo kila mjomba na kila shangazi angepaswa kulijua. Makampuni yamekatazwa kuwapa akina mama sampuli za bure. Yamekatazwa pia kuwagawia zawadi za vyombo vinavyoweza kuchochea unyonyeshaji wa chupa. Zawadi! Neno hilo hilo. Walioandika kanuni walijua kwamba mama hatalipenda kopo kwa sababu ya tangazo peke yake, bali atalipokea kwa sababu amepewa, na aliyepewa huona haya kutokutumia. Kampuni imefungwa mikono, halafu tunatokea sisi ndugu wa damu kuifanya kazi ile ile kwa niaba yake, bila mshahara, tena kwa fedha zetu na nauli yetu. Sijaona mchuuzi aliyebahatika kupata watumishi watiifu kama sisi.

Nieleze jambo nililoliona, lisidhaniwe kwamba napigana na kivuli. Krismasi moja mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa na mtoto wa miezi minne, mnene, ananyonya vizuri. Ndugu mmoja alifika kutoka mjini na makopo mawili na chupa yenye chuchu ya mpira. Nyumba nzima ilishangilia. Bibi akasema mtoto sasa atakula chakula cha watoto wa wakubwa. Mpwa wangu hakuwa na haja ya kopo lile, lakini angesema nini mbele ya ugeni? Akakoroga, mtoto akanywa, picha zikapigwa. Maji yalikuwa ya mfongo, ule mfereji wa mlimani unaopita kwa watu wengi kabla ya kufika kwako, na siku ya sikukuu jiko lina kazi nyingi kuliko kuchemsha maji ya mtoto kila baada ya saa tatu.

Kabla ya juma la kwanza la Januari kwisha mtoto alikuwa zahanati, anaharisha, macho yamebonyea. Muuguzi aliyempokea hakuuliza mtoto amekula nini. Aliuliza, "Chupa iko wapi?" Aliambiwa, akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kuuliza swali hilo mara nyingi mwezi ule. Tunamshukuru Mungu, mtoto alipona kwa maji yenye chumvi na sukari ya zahanati, vidonge vya zinki, na kurudishwa kwenye titi. Mleta makopo wakati huo alikuwa amekwisha kurudi mjini, na nadhani mpaka leo anaamini aliacha furaha.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Mtoto wa miezi mitatu au minne asiyenyonya kabisa hutumia zaidi ya gramu 100 za unga ule kwa siku. Kwa hiyo kopo la gramu 400 halifiki siku ya tano. Makopo mawili ni zawadi ya siku nane. Baada ya hapo mama afanye nini? Wahenga walisema, mlaji ni mla leo, mla jana kala nini? Lakini kuna ubaya zaidi ya makopo kwisha. Titi hutengeneza maziwa kwa kadiri linavyonyonywa. Mtoto akishiba chupa, hanyonyi, na titi lisiponyonywa hupunguza kazi, kama shamba ambalo mwenyewe haliendi. Hivyo zawadi ya siku nane inaweza kuacha deni la miezi. Siku makopo yanapokwisha maziwa ya mama nayo yamepungua, na familia isiyomudu kopo la tatu inaanza kulikoroga jepesi ili lidumu. Mtoto anakunywa maji meupe, tumbo linajaa, mwili unakonda.

Aidha, unga ule haukuuawa vijidudu vyote kiwandani. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilielekeza mwaka 2007 kwamba ukorogwe kwa maji yaliyochemka yakiwa bado na joto la nyuzi 70 au zaidi, kisha yapozwe kabla ya kumpa mtoto, na vyombo vichemshwe kila mara. Mwenye maji ya bomba, jiko la gesi, saa ukutani na msaidizi wa kazi ataweza. Mwenye kuni mbichi na ndoo moja asidanganywe kwamba ni kosa lake akishindwa. Aliyempa kazi hiyo bila vifaa vyake ndiye wa kuulizwa.

Najua nitakayojibiwa. Wa kwanza atasema: je, mama asiyeweza kunyonyesha? Je, yatima? Huyo simsemi, na wala asisemwe na mtu yeyote. Wapo watoto ambao kopo ndilo lililowaokoa, na mama aliyelazimika kulitumia hana haya ya kuonea. Lakini huyo huelekezwa na kliniki, hufundishwa kukoroga, na akisaidiwa husaidiwa mpaka mwisho. Ukitaka kumlisha mtoto wa namna hiyo, mlishe mwaka mzima, usimlishe Krismasi tu.

Wa pili atasema: mama anafanya kazi, likizo yake inakwisha. Hilo ni kweli tupu. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, au siku 100 akizaa zaidi ya mmoja, ilhali ushauri wa afya ni mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Hapo pana pengo, na pengo hilo halikuwekwa na mama. Lakini kuliziba kwa makopo si njia pekee. Mama anaweza kukamua maziwa yake asubuhi, akayafunika vizuri, na mtoto akanyweshwa kwa kikombe. Anachohitaji ni vyombo safi, na mtu mwaminifu wa kubaki na mtoto. Mlipieni mtu huyo miezi mitatu. Zawadi hiyo itakuwa na maana kuliko boksi lolote.

Wa tatu, na huyu ndiye mgumu, atasema: zawadi ni moyo. Nia njema ni tabibu. Nakubali. Lakini tabibu gani anayetoa dawa kabla ya kumtazama mgonjwa? Nia njema isiyouliza ni nusu ya nia njema. Kuuliza hakugharimu hata senti: "Mwanangu, nakuja Desemba, una shida gani huko?" Nimeona watu wanaotumia fedha nyingi madukani kwa kukwepa swali hilo moja, maana wanajua jibu lake halitafungwa kwa karatasi ya kumetameta. Jibu huenda likawa deni la dukani, au paa linalovuja juu ya kitanda cha mtoto.

Wazee wetu hawakuwa wajinga katika jambo hili. Kwa Wachaga, mwanamke akijifungua aliwekwa ndani yapata miezi mitatu, halimi, habebi mzigo, anapikiwa mtori wa ndizi na nyama na kunyweshwa maziwa. Aliyekuja kumwona mtoto alikuja na chakula cha mama. Hakuna aliyeona ajabu kwamba mgeni wa mtoto anampa mama ndizi na nyama. Na si mlimani tu. Pwani mzazi alikandwa kwa maji ya moto, akapikiwa uji wa pilipili manga, akaletewa kanga. Mila zetu zilikuwa mbalimbali lakini fikra ilikuwa moja: mtoto mchanga hana mkono wa kupokelea, mkono wake ni mama yake. Ukitaka kumpa mtoto nyama, mpe mama nyama. Ukitaka kumpa mtoto usingizi, mpe mama mtu wa kufua.

Sitaki kudai kwamba kila cha kale kilikuwa chema. Walikuwapo waliomwaga maziwa ya kwanza, yale ya manjano, wakidhani ni machafu, kumbe ndiyo yenye kinga kubwa. Walikuwapo waliomlambisha mtoto asali siku ya kwanza, jambo ambalo leo tunajua ni la hatari kabla hajatimiza mwaka. Hayo yaache yaende. Ninachotetea ni ile fikra ya kwamba zawadi ya mtoto hupitia kwa mama. Fikra hiyo sayansi haikuipinga, bali imeitia nguvu.

Basi nitoe nini, utaniuliza? Nitaje, maana kukemea bila kuelekeza ni kazi ya mvivu. Peleka nyama, mchele, maharage, samaki, karanga. Peleka doti ya kanga. Kanga moja mama atajitanda, ya pili itakuwa mbeleko, shuka ya mtoto, pazia la kumkinga jua, na ikichakaa itakuwa nepi. Sijaona kiwanda kilichotengeneza kitu cha mtoto chenye matumizi mengi hivyo. Peleka chandarua chenye dawa kama wanakaa penye mbu, nawe mwenyewe ukining'inize kabla hujaondoka, kwa sababu chandarua kilichobaki kwenye mfuko hakizuii kitu. Lipa bima ya afya ya mtoto kama unaweza. Kama hajapata cheti cha kuzaliwa, fuatilia wewe uliye karibu na ofisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa haki ya jina na uraia, lakini haki isiyo na karatasi humsumbua mtu siku ya kuandikishwa shule. Kwa mtoto wa kijijini mpe mbuzi jike, akue naye. Akifika darasa la kwanza zizi litakuwa limemwandalia daftari na sare.

Na kama moyo wako unakataa kabisa kwenda bila kitu cha kuchezea, ridhika na kidogo. Mtoto aliyeanza kuketi anafurahia kikombe cha bati na kijiko cha mti kuliko mdoli unaoimba kwa lugha asiyoijua yeye wala bibi yake. Kisha, cha kuchezea kikubwa kuliko vyote ni uso wa mtu. Mpakate, mwimbie, mwite kwa jina lake, mjibu anapoguna. Mjomba anayefika na boksi, akapiga picha, akarudi barazani kwenye mbege, amempa mtoto pungufu kuliko binamu asiye na kitu aliyembeba jioni nzima mama akapata kuoga na kulala.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu mnaojiandaa kupanda mabasi Desemba ijayo: yaacheni makopo rafuni. Msiogope kuitwa wabahili. Wahenga walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na malezi ya mtoto wa miezi minne yamo katika sahani ya mama yake, katika usingizi wake na katika maji anayochota. Anayegusa vitu hivyo amemgusa mtoto. Asiyevigusa, hata akija na lori zima la maboksi, mtoto bado hajapewa kitu.